Mtakachoona Kinafaa

Lushoto,
21 Januari 2024

Mjomba Rubeni,

Shikamoo Mjomba. Huku kaya sote tupo. Mama hajambo, ila goti linamsumbua akipanda kutoka bondeni, na akisumbuliwa na goti anagombana na kuku. Ameniambia nikuulize kama bado unakwenda kazini asubuhi na chai tupu tumboni. Nimeandika swali kama alivyolisema. Plamsi mwaka huu zimezaa hadi matawi yanavunjika. Matenga yanashuka Mombo kutwa, na bei imeanguka kiasi kwamba jirani yetu Stephano analisha nguruwe wake plamsi.

Mjomba, tangu Krismasi nimekupigia simu mara nne. Inaita tu, haipokelewi. Basi nimerudi kwenye karatasi, kama zamani.

Nina jambo nataka kukuuliza. Kuna kazi imetangazwa na shirika linalosaidia wakulima wa viungo na matunda, ofisi yake iko Muheza. Wanatafuta Meneja Mwandamizi wa Programu. Maana yake ni mtu wa kuisimamia miradi mitatu kwa pamoja, watumishi ishirini na wawili, na fedha za wafadhili zifike zinakotakiwa kufika. Mjomba, kazi hiyo ndiyo ninayoifanya hapa Lushoto. Meneja wetu aliondoka mwaka juzi, hakuletwa mwingine, mimi nikaambiwa, "Modesta, shikilia kidogo." Bado nimeshikilia. Lakini cheo changu ni mratibu, na mwezi ukiisha napata milioni moja na laki mbili.

Fomu yao ina maswali mengi, na yote nimeyajibu vizuri. La mwisho linasema: Mshahara unaoutarajia. Hapo kalamu imekauka. Sijui mtu wa namna hiyo hulipwa kiasi gani. Hapa ofisini kila mtu anaficha wake kama ugonjwa. Wewe uko kambini na wakubwa wa kila aina. Unaweza kuniulizia? Fomu inafungwa mwisho wa mwezi huu.

Nakushukuru kabla hujajibu. Nimezoea kukushukuru hivyo, na sijawahi kujuta.

Mpwa wako,
Modesta


Kambi ya machimbo, Mpanda,
11 Februari 2024

Mpwa wangu Modesta,

Marahaba. Mimi ni mzima, kwa kiasi ambacho mtu anayekula vumbi la mawe siku sita za wiki anaweza kuwa mzima. Mwambie dada yangu Efrazia kwamba asubuhi nakula chapati mbili, aache kunihesabia. Goti lake alikande kwa maji ya moto na awaache kuku, hawana kosa.

Asante kwa kuandika kwa kalamu. Vijana hapa wananicheka, wanasema Mgosi, jina wanaloniitia kwa kuwa ni Msambaa, bado anasubiri posta. Hawajui kwamba mimi shule niliiachia darasa la tano, na kuandika hasa nilijifunza kwako. Ulipokuwa shuleni Kifungilo nilikuwa nakuandikia, wewe unanirudishia barua yangu ileile imesahihishwa kwa wino mwekundu. Mama yako alisema ni utovu wa adabu, mtoto kumsahihisha mjomba. Mimi nilizitunza zote. Bila wino ule nisingeweza kuandika hata jina la dawa.

Sasa kazi uliyonituma. Nilimfuata Shukrani, dereva wa bosi wetu mkubwa. Mlangoni kwa bosi huyo kumeandikwa Meneja wa Programu, na miaka yote nilidhani anatengeneza kompyuta. Kumbe ni kama ulivyoeleza: anahakikisha barabara, daraja na machimbo vinakwenda pamoja, huyu asikae bure akimngoja yule. Nikamwuliza Shukrani kwenye foleni ya chakula, "Huyu mzee wako analipwa ngapi?"

Akaniambia, "Kwani unataka kumposa, Mgosi?"

"Nina mpwa wangu anaomba kazi kama yake."

"Mpwa meneja, mjomba anachoronga mawe!" Foleni nzima ikacheka hadi mpishi. Nikawaacha wacheke. Mtu akimaliza kucheka huwa anajisikia ana deni, na Shukrani alinilipa palepale: milioni kumi na moja kwa mwezi, nyumba, gari, na tiketi mbili za ndege kwa mwaka za kwenda kwao. Akaongeza kwamba kabla ya hapo alimwendesha meneja wa namna hiyohiyo kwenye kampuni ya simu Dar es Salaam, huyo alikuwa na milioni nane. Na kabla yake mwingine wa shirika la maji vijijini, huyo milioni nne na nusu, na alikuwa anachelewa kuondoka ofisini kuliko wote.

Mimi kwa siku nalipwa elfu kumi na sita. Nilianza kuipiga hesabu nikaiacha. Hesabu ile haimfai mtu yeyote.

Lakini nilikaa nikifikiri. Kazi ni moja, bei tatu. Halafu nikaikumbuka kabichi. Shambani kwa mama yako mia tatu, Mombo mia saba, Dar es Salaam elfu mbili. Kabichi ni ileile, haikunenepa njiani. Kwa hiyo usiulize mtu kama wewe ana thamani gani, uliza soko hilo la Muheza linalipaje. Soko la mashirika silo soko la migodi na wakandarasi. Ukiwatajia ya huku kwetu watadhani una homa. Ukiwatajia ya Lushoto watakupa hiyohiyo, na watasema asante.

Jambo moja limenikera, nalisema wazi. Umeandika fomu inafungwa mwisho wa mwezi wa kwanza. Barua yako imenifikia tarehe nane ya mwezi wa pili. Wewe si mjinga, unajua posta inakwendaje. Maana yake uliponiuliza ulikuwa umeshaandika kitu. Uliandika nini?

Mjomba wako,
Rubeni


Lushoto,
10 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mvua za masika zimewahi. Njia ya kushuka Mombo imeanza kumwaga udongo kwenye kona zilezile za kila mwaka. Mama ameacha kugombana na kuku, sasa anagombana na mimi. Amefurahi kuhusu chapati, ingawa hakuamini kwamba ni mbili.

Barua yako niliisoma nimesimama pale pale posta, halafu nikaisoma tena nyumbani. Umenishika, Mjomba. Niliandika siku ileile niliyokuandikia. Pale kwenye mshahara sikuweka namba. Niliandika: Mtakachoona kinafaa.

Unajua nimeitoa wapi. Mnunuzi akipanda hadi shambani, Mama anamwita ndani, anampa chai na muwa, na akiulizwa bei anasema, "Utakachoona, baba." Kwake mtu aliyepanda mlima hadi mlangoni kwako ni mgeni, na mgeni hatajiwi bei. Nami nimekulia humo. Nilipoona swali lile kwenye fomu nilijisikia kama wamekuja kwetu, na kwamba nikitaja namba nitakuwa nimewaonyesha mlango.

Hata hivyo waliniita. Tulikuwa sita kwenye usaili wa kwanza, mimi wa mwisho kuingia. Nilijibu vizuri, Mjomba, nasema bila kujisifu. Mwishoni mkuu wa utumishi, mama mmoja anaitwa Mwanahamisi, akaifunua fomu yangu, akaisoma kwa sauti mbele ya wenzake watatu. "Mtakachoona kinafaa. Na tukiona laki tano inafaa?"

Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Akaniambia, "Dada, hapa unakuja kulinda fedha za watu. Mtu asiyeweza kutaja bei yake mwenyewe, atabishana vipi na mzabuni?" Yule mama hakuwa mkali, Mjomba, nadhani alikuwa ananionea huruma, na hilo liliuma zaidi. Akasema tumebaki wawili, usaili wa pili ni tarehe ishirini na nne Aprili. "Njoo na namba. Usipokuja nayo, tutaweka ya kwetu, na usije kulalamika."

Nimemwandikia pia Secilia, yule niliyelala naye kitanda cha juu na chini Kifungilo. Yuko benki Dar es Salaam. Anasema kwao mtu wa cheo hicho anaanzia milioni saba, serikalini ni mbili na nusu hadi tatu pamoja na uhakika wa kesho, na mashirika kama haya ni kati ya nne na sita, inategemea mfadhili na inategemea ulivyoomba. Hilo neno la mwisho alilipigia mstari.

Nikimwambia Mama habari ya kutaja milioni, anajibu, "Anayetaja bei kubwa hurudi nyumbani na kabichi zake." Nami usiku sipati usingizi vizuri. Nikitaja kubwa watamchukua yule mwenzangu. Nikitaja ndogo nitaishi nayo miaka mitano, nikijua.

Neno jingine. Jumapili iliyopita nilipiga simu yako, akapokea Hamza unayelala naye chumba kimoja. Alisema uko hapohapo, unashona kiatu. Nikamsikia anakuita. Alikuita mara tatu, Mjomba, mara ya tatu alipiga kelele. Mbona hukuitika?

Mpwa wako,
Modesta


Kambi ya machimbo, Mpanda,
1 Aprili 2024

Modesta mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika salama, namshukuru Mungu na huyo wa posta. Nami naandika upesi ikufikie kabla ya tarehe yako. Salamu kwa dada. Mwambie chapati ni mbili, na nina mashahidi.

Hamza ana maneno mengi. Nilikuwa nimechoka siku hiyo. Tuache habari ya simu.

Nataka kukuambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu huko kaya. Nilipokuja kazi hizi mara ya kwanza, miaka kumi na moja iliyopita, mkandarasi alikuwa anatafuta watu wa kuchoronga mwamba, kuutoboa kwa mashine. Mashine ile nilikuwa naijua vizuri, niliishika kwenye machimbo ya chokaa Tanga. Msimamizi akaniuliza, "Unataka ngapi kwa siku?" Mimi nikavua kofia nikasema, "Utakachoona, bosi." Neno la mama yako lilelile. Baba yetu ndiye aliyetufundisha sote wawili. Msimamizi akaandika elfu saba.

Nyuma yangu alikuwa Hamza, mtu wa Singida, mashine ileile, mwamba uleule. Alipoulizwa akasema elfu kumi na mbili. Msimamizi akanung'unika, akaandika kumi na moja. Mimi sikujua. Tumefanya kazi bega kwa bega miaka minne ndipo siku moja kwenye kunywa chai akaniambia, naye alilia kuliko mimi. Sina chuki na msimamizi yule. Aliniuliza, nami nikampa kalamu aandike mwenyewe.

Mgeni hatajiwi bei, hiyo ni adabu nzuri, na mama yako asiiache. Lakini angalia nani amepanda mlima. Hao wa Muheza hawakuja kwenu kunywa chai. Wewe ndiye uliyekwenda kwao, wewe ndiye mgeni, na wenyeji wamekuuliza unakula nini. Mgeni akiulizwa hivyo akasema chochote, anampa mwenye nyumba kazi.

Secilia amesema nne hadi sita. Kazi hiyo umeifanya miaka miwili bila jina wala malipo yake, huendi kujifunza. Kwa hiyo usisimame chini kabisa ya ngazi. Mimi nasema milioni tano na nusu. Sema namba moja tu. Usiseme "kama tano hivi," usiseme "ikiwezekana." Ukishaitaja nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Utatamani kuongeza neno la kuipunguza. Uume ulimi.

Fanya mazoezi. Shuka bondeni uziambie kabichi. Mimi nimekujaribia huku, nilisema "milioni tano na nusu" kwa sauti, watu watano wakageuka na nyapara akaja kuuliza kama nimeugua. Kumbe nilikuwa napiga kelele. Sauti yangu siku hizi sijui inatoka vipi.

Kama watakukataa, utakuwa umekataliwa ukiwa na bei yako. Nakuombea. Mimi si mtu wa kanisa sana, lakini tarehe ishirini na nne nitaomba ruhusa ya nusu saa.

Mjomba wako,
Rubeni


Lushoto,
19 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na tena shikamoo. Nimechelewa kukuandikia, nisamehe. Udongo uliziba barabara ya Mombo siku tisa, na wiki nyingine nilizichelewesha mwenyewe, utaona kwa nini.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na mbili, siku mbili kabla. Nilishuka bondeni kama ulivyosema. Mama alinikuta nimesimama kwenye matuta, naziambia kabichi milioni tano na nusu. Akasikiliza. Akasema, "Hiyo ya mwisho ulisema vizuri. Za kwanza ulikuwa unaomba msamaha." Mama huyuhuyu, Mjomba! Nilimsomea habari ya Hamza na elfu saba. Akaingia ndani, na jioni hakula.

Muheza walikuwa wanne kama mwanzo. Baada ya maswali, Mwanahamisi akaweka kalamu chini. "Haya, dada. Leo umekuja na namba?"

Nikasema, "Milioni tano na nusu."

Nikauma ulimi. Mjomba, kimya kile kilikuwa kirefu. Nilisikia mtu anamenya machungwa nje ya dirisha. Mzee mmoja akaandika kitu, akakikata, akaandika tena. Ndipo Mwanahamisi akauliza, "Kwa sasa unapata ngapi?"

Hilo swali sikulifanyia mazoezi. Nikaiona milioni moja na laki mbili yangu imesimama pale mezani. Nikamwambia ukweli, nikaitaja. Halafu nikasema, "Hiyo ni bei ya shambani, na miaka miwili sasa nafanya kazi ya meneja kwa bei hiyo. Leo nimeshusha mzigo Muheza."

Yule mzee akacheka hadi akavua miwani. Anatoka Bumbuli, ameuza kabichi utotoni.

Wakapiga simu tarehe thelathini. Kazi ni yangu. Walisema milioni tano, pamoja na bima ya afya. Nilipaswa kusema ndiyo. Nikauliza bima inawahusu kina nani. Wakasema mimi, mume, watoto, wazazi. Mume sina, watoto sina, baba hayupo. Nikaomba siku mbili.

Mjomba, sasa sikiliza, usikasirike na Hamza. Nilimpigia nikambana. Nilimwambia kama hasemi nitapanda basi hadi Mpanda. Akasema sikio la kushoto limekufa tangu Oktoba, na la kulia linasikia mlipuko wa baruti na si kingine. Akasema wachimbaji wanakugusa bega kukuambia chakula kimeiva. Na kwamba siku niliyosema alikuita mara tatu, kwa kweli alikuita mara nyingi zaidi, aliziba simu kwa mkono nisisikie.

Nikamrudia Mwanahamisi. Nikamwambia, "Nataka mtegemezi mmoja zaidi kwenye bima. Mjomba wangu."

"Mjomba hayumo kwenye orodha."

"Najua hayumo. Ndiyo maana naomba."

Akaniambia kwamba wanaweza kumlipia mtu wa ziada, lakini fedha ni fungu moja, ikitoka huku inapungua kule. Nikasema ipungue. Tumefika milioni nne na laki saba, na jina lako limeandikwa chini ya la Mama. Nilisaini tarehe sita Mei. Naanza kazi tarehe mosi Julai, na tangu siku hiyo kadi yako inafanya kazi. Daktari wa masikio yuko Moshi, nimeshauliza, anaonana na watu kila Jumanne.

Najua utasema nimeshusha bei. Nilitaja yangu, Mjomba, nikaifikisha. Baada ya hapo nilikuwa nanunua. Mtu anaruhusiwa kununua.

Miaka yangu yote ya Kifungilo ulinibebea sanduku kutoka stendi hadi bwenini, na hukuwahi kuniambia lilikuwa zito. Hii ni barua ya kuomba, si ya kushukuru, maana ya kushukuru sina namna ya kuiandika. Rudi nyumbani.

Modesta


Kambi ya machimbo, Mpanda,
9 Juni 2024

Modesta mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Dada yangu umsalimie, umwambie habari ya elfu saba ni ya zamani, ale chakula chake.

Nilikasirika, kama ulivyojua. Niliandika ukurasa mzima wa kukukaripia, kwamba laki tatu kila mwezi ni nyingi mno kwa masikio ya mtu wa miaka hamsini na sita, ambayo hata yakipona hayana cha maana cha kusikia huku ila mawe. Hamza akausoma juu ya bega langu. Akaandika pembeni kwa kalamu yake: Mgosi, acha upuuzi. Nikauchana.

Sasa nasema ukweli, maana wewe ulisema wako. Ni kama alivyokuambia. Hata maneno ya Shukrani kwenye foleni, na ya nyapara, Hamza ndiye aliyeniandikia kwenye karatasi. Tulipewa vizibo vya masikio tangu mwanzo. Mimi nilikuwa navivua, vinaniwasha, na nilipenda nimsikie mtu akiniita. Hakuna wa kulaumiwa. Sikio la kushoto lilizimika kidogo kidogo, asubuhi moja mwezi wa kumi nikaamka kumekuwa kimya. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na namba ya kuitaja. Niliogopa utakwenda mbele ya wale watu na shida zangu kichwani, useme lolote alimradi wakupe kazi. Nilitaka ukaitaje ukiwa mwepesi.

Ulipoeleza kile kimya baada ya milioni tano na nusu, nilisimama. Nilikuwa nasoma nimekaa kitandani, nikasimama kama mtu kanisani. Tarehe ishirini na nne niliomba nusu saa yangu kwa nyapara, akanipa. Sikuomba maneno mengi. Nilisema tu, Bwana, mfunge mdomo akishaitaja.

Nakushukuru. Neno hili nimeliandika mara nyingi kwenye barua zangu, wewe mwenyewe uliwahi kulisahihisha, nilikuwa naandika bila herufi moja. Leo nimeliandika taratibu. Kuna watu wengi hapa wenye masikio kama yangu, na hakuna aliyeandikwa jina popote. Mimi nimeandikwa chini ya dada yangu.

Nimemuaga nyapara. Alinipa mkono, akasema kitu kirefu kizuri, nadhani kilikuwa kizuri, uso wake ulikuwa hivyo. Shukrani atanipeleka hadi stendi kwa gari la bosi, bosi mwenyewe ameruhusu. Amesema anataka kumwona mtu aliyeuliza mshahara wake. Hamza hatanisindikiza, anasema ana kazi, lakini ameshona begi langu pale lilipochanika, na ameweka vizibo vya masikio ndani ya mfuko wa pembeni akidhani sijaviona.

Nitaondoka tarehe ishirini na sita. Basi litalala Dodoma, kwa hiyo nitashuka Mombo tarehe ishirini na saba mchana, au tarehe ishirini na nane kama basi litaharibika, nalo huwa linaharibika. Najua pale Mombo kulivyo, wauza machungwa, wapiga debe, malori. Ukija kunipokea usiniite jina, utapiga kelele bure na watu watakucheka. Simama upande wa barabara ya kupanda Lushoto, mahali pa wazi, nikuone. Ukiniona nimekuona, usikimbie. Ngoja. Nitavuka mwenyewe.

Mjomba wako,
Rubeni